Tezi dume: wanaume tusisubiri mpaka mkojo uzibe

Mwezi huu tunawaomba akina baba wasiupite ukurasa huu. Tunajua kwamba ukurasa wa afya husomwa zaidi na akina mama, kwa sababu mara nyingi huzungumzia uzazi, chanjo na lishe ya watoto. Safari hii tunazungumza juu ya kiungo ambacho mwanamke hana. Hata hivyo akina mama nao wasome, maana mara nyingi wao ndio wa kwanza kutambua kwamba baba wa nyumba ana tatizo.

Tuanze na mfano. Tuseme wapo wazee wawili majirani hapa Lufingo. Wa kwanza ana miaka 66. Kila usiku anaamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo, na usiku wa Rungwe tunaujua: mvua, baridi, na njia ya chooni inateleza. Akifika anasimama muda mrefu kabla mkojo haujaanza, nao hutoka kwa unyonge na kukatikakatika. Mkewe akimwuliza anajibu, "Ni uzee tu, mama." Moyoni anaogopa kwamba ana kansa. Wa pili ana miaka 58. Analala usiku kucha, anapanda na kushuka vilima na mkungu wa ndizi begani, na hana maumivu yoyote. Humtania mwenzake kwamba amewahi kuzeeka.

Je, kati ya hawa wawili ni nani mwenye kansa ya tezi dume? Wengi wetu tutamtaja wa kwanza. Jibu la kweli ni kwamba hakuna anayejua, hata wao wenyewe, mpaka wapimwe. Inawezekana kabisa kwamba huyu anayeteseka usiku hana kansa, na yule anayelala vizuri ndiye anayo. Tukilielewa jambo hili moja, tutakuwa tumeelewa kwa nini mwanaume mzima wa afya anashauriwa kwenda kupimwa.

TEZI DUME NI NINI?

Tezi dume ni kiungo kidogo kilichopo chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa. Kwa kijana ukubwa wake ni kama ndimu ndogo, na uzito wake ni gramu 20 hivi. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi za mwanaume.

Mrija unaotoa mkojo kwenye kibofu hupita katikati ya tezi hii, kama uzi unavyopita katikati ya ushanga. Ndiyo sababu tezi inapovimba hubana mrija na mkojo unapata shida kupita.

MAGONJWA MATATU YA TEZI MOJA

Watu wengi wakisikia "ana tezi dume" hudhani tayari wametajiwa kansa. Sivyo. Kwanza, kila mwanaume ana tezi dume, tangu kuzaliwa. Pili, tezi hiyo inaweza kupata magonjwa ya aina tatu yaliyo tofauti.

La kwanza ni uambukizo wa vijidudu. Huu huweza kumpata hata kijana. Huleta homa, maumivu chini ya kitovu na mkojo unaochoma, nao hutibiwa kwa dawa.

La pili ni kukua kwa tezi kwa sababu ya umri. Hili ni jambo la kawaida sana. Kadiri mwanaume anavyozeeka tezi yake huongezeka, na wengi waliopita miaka 60 wana dalili zake: kuamka usiku mara kwa mara, mkojo kuchelewa kuanza, kutoka kwa unyonge, kudondoka matone mwishoni, na kujisikia kwamba kibofu hakikwisha. Hii si kansa, wala haigeuki kuwa kansa. Ina dawa, na ikibidi ina upasuaji. Lakini ikiachwa inaweza kuziba mkojo kabisa, na hata kuharibu figo.

La tatu ndilo kansa, yaani saratani ya tezi dume. Hapa chembe za tezi huanza kuongezeka bila utaratibu, na baadaye huweza kutoka na kwenda kujenga makao sehemu nyingine za mwili, hasa kwenye mifupa ya mgongo, nyonga na mapaja.

Mtu anaweza kuwa na ugonjwa wa pili na wa tatu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo dalili peke yake hazitoshi kumwambia mtu ana nini.

KWA NINI KANSA HII HUKAA KIMYA?

Sababu ni mahali inapoanzia. Ule ukuaji wa kawaida wa uzee hutokea sehemu ya ndani ya tezi, karibu na mrija wa mkojo. Kwa hiyo hata ukuaji mdogo huweza kumsumbua mtu mapema. Kansa kwa kawaida huanzia sehemu ya nje ya tezi, upande wa nyuma, mbali na mrija. Inaweza kukua miaka mingi bila kugusa njia ya mkojo, na mwenye nayo akaendelea kulima, kula na kulala kama kawaida.

Wakati kansa inapoanza kuonyesha dalili, mara nyingi imekwisha kuwa kubwa au imekwisha toka nje ya tezi. Dalili hizo ni damu kwenye mkojo au kwenye mbegu za kiume, maumivu ya mgongo au nyonga yasiyoisha, kukonda bila sababu, na miguu kukosa nguvu. Wanaume wengi wa nchi yetu hufika hospitali katika hatua hii. Wamekuwa wakinywa dawa za maumivu wakidhani mgongo umechoka kwa jembe.

Kwa hiyo tunarudia: kutokuwa na dalili si cheti cha kutokuwa na kansa. Kupimwa kunakozungumzwa hapa ni kupimwa kwa mtu ambaye haumwi.

NANI YUKO KATIKA HATARI ZAIDI?

Mwaka 2022 wanaume zaidi ya 1,400,000 duniani waligunduliwa kuwa na kansa hii, na karibu 400,000 walikufa kwayo. Katika Tanzania ni miongoni mwa kansa zinazowapata wanaume wengi zaidi. Mambo matatu huongeza hatari.

Umri. Ni nadra kabla ya miaka 40. Baada ya miaka 50 hatari hupanda kila mwaka.

Ukoo. Mwanaume ambaye baba yake au ndugu yake wa tumbo moja alipata kansa hii, hatari yake ni kama mara mbili ya mwingine. Kama waliopata ni wawili au zaidi, au walipata wakiwa bado vijana, hatari ni kubwa zaidi. Hata kansa ya matiti katika ukoo wa mama ni jambo la kumweleza daktari, kwa sababu zipo kasoro za urithi zinazoleta kansa zote mbili.

Asili. Watu weusi hupata kansa hii zaidi na huipata mapema zaidi. Nchini Marekani, ambako hesabu zinawekwa vizuri, wanaume weusi hufa kwa ugonjwa huu kama mara mbili ya weupe. Ndiyo sababu Chama cha Saratani cha Marekani kinashauri wanaume kwa jumla waanze kuzungumza na daktari juu ya kupimwa wakifika miaka 50, lakini weusi waanze wakiwa na miaka 45, na wenye ndugu kadhaa waliougua wakiwa vijana waanze na miaka 40. Sisi tunaosoma gazeti hili karibu wote tumo katika kundi la miaka 45.

Ugonjwa huu hauambukizwi. Hautokani na zinaa, wala hautokani na kurogwa. Mke hawezi kumwambukiza mumewe, wala mume mkewe.

VIPIMO VINAFANYWAJE?

Vipimo vya kuanzia ni viwili.

Cha kwanza ni kipimo cha damu kinachoitwa PSA. Tezi dume hutengeneza aina ya protini, na kiasi kidogo cha protini hiyo huingia katika damu. Tezi ikiwa na tatizo kiasi huongezeka. Mtu anatolewa damu kidogo mkononi, kama anavyotolewa kwa vipimo vingine.

Siku mbili kabla ya kutolewa damu ni vizuri mwanaume ajizuie na tendo la ndoa na asiendeshe baiskeli safari ndefu, kwa sababu mambo hayo yanaweza kupandisha kipimo. Kama ana uambukizo wa njia ya mkojo, au amewekewa mpira wa mkojo karibuni, amwambie daktari ili kipimo kisogezwe mbele. Na kama anatumia dawa za kupunguza tezi azitaje, maana baadhi yake hushusha kipimo hadi nusu na kudanganya.

Cha pili ni kile kinachoogopwa. Daktari huvaa glavu, hupaka mafuta laini, na kuingiza kidole katika njia ya haja kubwa ili kuigusa tezi, ambayo ipo hapo karibu ukutani. Kazi hii haifiki hata dakika moja. Inakera lakini kwa kawaida haiumi. Ukitaka kujua daktari anatafuta nini, kunja ngumi halafu bonyeza ile nyama iliyo chini ya kidole gumba: tezi nzima huwa hivyo, ina ulaini kidogo. Sasa bonyeza kifundo cha kidole: sehemu yenye kansa huweza kuwa ngumu namna hiyo.

Hapa tunataka tuseme jambo ambalo wanaume wengi hawajaambiwa. Kidole si sharti la kwanza. Kipimo cha damu peke yake kinaweza kuanza, nacho hugundua kansa nyingi zaidi kuliko kidole. Kidole husaidia zaidi, kwa sababu zipo kansa ambazo hazipandishi PSA. Lakini mwanaume aliyekaa nyumbani miaka 10 kwa kuogopa kidole ajue kwamba amekaa bure. Aende atolewe damu. Mengine atazungumza na daktari akiwa amekwisha fika.

JE, KIPIMO KIKIWA JUU?

Asikimbie kwenda kuandika wosia. PSA hupanda kwa kansa, lakini hupanda pia kwa ukuaji wa uzee na kwa uambukizo.

Madaktari wengi hutumia alama 4 kama mpaka wa kuanza kuuliza maswali. Mwenye kipimo kati ya 4 na 10 ana uwezekano wa kama mmoja kati ya wanne wa kukutwa na kansa. Yaani watatu kati ya wanne hawana. Akipita 10, uwezekano hupita nusu. Na kuna wachache walio chini ya 4 ambao wanayo, ndiyo sababu kipimo cha siku moja hakitoshi maisha yote. Kinachomsaidia daktari zaidi ni kuona jinsi kinavyobadilika mwaka hadi mwaka. Mwanaume atunze karatasi zake za majibu kama anavyotunza hati ya shamba.

Mara nyingi daktari atarudia kipimo baada ya wiki kadhaa. Kikibaki juu, mgonjwa hufanyiwa picha, na kisha huchukuliwa vinyama vidogo kwa sindano, kwa kawaida 10 au 12, vikapimwe kwa darubini. Hapo tu ndipo mtu anaweza kuambiwa kwa hakika kwamba ana kansa au hana, na kama anayo, ni kali au ni ya polepole.

JE, KUPIMWA KUNA HASARA?

Hatutaki kuwaficha wasomaji. Wataalamu wenyewe wamebishana sana juu ya jambo hili. Zipo kansa za tezi dume ambazo huenda polepole kiasi kwamba mzee angekufa kwa ugonjwa mwingine bila hata kujua kwamba anayo. Akigunduliwa na kukimbizwa kwenye upasuaji, anaweza kuharibiwa nguvu za kiume au kushindwa kuzuia mkojo, bila faida. Kwa hofu hiyo, mwaka 2012 jopo la ushauri wa afya la Marekani lilisema PSA isitumike kuwapima watu wasioumwa. Mwaka 2018 jopo hilohilo likabadili shauri lake: wanaume wa miaka 55 hadi 69 waamue kila mmoja pamoja na daktari wake.

Uchunguzi mmoja mkubwa ulifanyika Ulaya kuanzia miaka ya 1990, kwa wanaume zaidi ya 160,000. Matokeo ya miaka 23, yaliyotolewa mwaka 2025, yalionyesha kwamba walioalikwa kupimwa walikufa kwa kansa hii pungufu kwa asilimia 13 kuliko wasioalikwa. Kwa kila wanaume 456 walioalikwa, mmoja aliepushwa na kifo cha kansa ya tezi dume.

Mtu anaweza kusema mmoja ni wachache. Lakini tukumbuke mambo mawili. Kwanza, siku hizi mwenye kansa ya polepole si lazima apasuliwe. Anaweza kufuatiliwa kwa vipimo tu, na kutibiwa pale tu inapoonekana kwamba ugonjwa umeanza kukaza mwendo. Pili, shida ya Ulaya ni kugundua kansa ndogo mno. Shida yetu huku ni kinyume chake: tunagundua kansa ikiwa imekwisha fika kwenye mifupa. Aliyekwisha shiba huchagua chakula. Mwenye njaa anahitaji kwanza kufikiwa na sahani.

Kwa mzee aliyepita miaka 70, au mwenye magonjwa mengine makubwa, faida ya kupimwa bila dalili hupungua. Azungumze na daktari. Mwenye dalili ni tofauti: huyo aende hospitali, awe na miaka 40 au 90.

MATIBABU YAPO

Kansa ikiwa bado ndani ya tezi, tiba ya kuiondoa kabisa inawezekana, kwa upasuaji wa kutoa tezi yote au kwa mionzi. Katika nchi yetu huduma ya mionzi imekuwa ikitolewa kwa miaka mingi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo hutibu kansa kwa mionzi.

Kansa ikiwa imetoka nje, haiondoki kabisa, lakini inaweza kupunguzwa nguvu. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba kansa hii hulishwa na homoni ya kiume. Ukiipunguza homoni hiyo, kansa husinyaa na maumivu ya mifupa hupungua. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966, na mpaka leo ndio msingi wa tiba. Homoni hupunguzwa kwa sindano, au kwa upasuaji mdogo wa kutoa sehemu ya ndani ya korodani. Wagonjwa wengi wamepata miaka ya nyongeza yenye nafuu kwa njia hii. Lakini ina bei yake katika mwili: hamu ya tendo la ndoa hupotea, jasho la ghafla huja, mifupa hudhoofika. Mke na mume waelezwe pamoja kabla ya kuanza, siyo baada.

WALIOSEMA WAZI

Mwezi Novemba 2014 Rais wa nchi yetu wa wakati ule, Jakaya Kikwete, alipasuliwa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Alikuwa na miaka 64 na alikuwa bado madarakani. Hakuficha. Aliwaeleza wananchi kwamba ilikuwa kansa na kwamba iligunduliwa mapema. Alirudi nyumbani mwezi huohuo, akaendelea na kazi hadi alipokabidhi uongozi Novemba 2015.

Mzee Nelson Mandela aligunduliwa mwaka 2001 akiwa na miaka 83, akatibiwa kwa mionzi, na akaishi hadi Desemba 2013 akiwa na miaka 95. Askofu Desmond Tutu aligunduliwa mwaka 1997. Aliishi na ugonjwa huo miaka 24, hadi Desemba 2021.

Tunajua msomaji atasema, hao ni wakubwa, wana madaktari wao na ndege zao. Ni kweli. Baltimore ni mbali na Lufingo. Lakini kipimo cha damu kinachoanzisha safari yote hakihitaji ndege.

AIBU, MILA NA DAWA ZA MITI

Kwa mila za Wanyakyusa, mke wa mwana hakutakiwa hata kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Heshima hiyo ni nzuri, na katika nyumba nyingi bado ipo kwa namna yake. Lakini fikirini mzee mjane anayetunzwa na mke wa mwanawe. Mama huyu ndiye anayefua mashuka na kuona kwamba yana mkojo au damu. Kwa heshima hawezi kumwuliza mzee. Mzee kwa heshima hawezi kumwambia. Hivyo wote wawili wananyamaza, na ugonjwa unaendelea. Tunashauri mama huyo asinyamaze kwa mumewe. Amwambie, na kijana aende kwa baba yake wakae wawili. Hapo mila haikuvunjwa na mzee amesaidiwa.

Kuna pia dawa za miti. Hatusemi zote ni uongo. Upo mti wa misitu ya milima ya Afrika, ambao wataalamu huuita Prunus africana, na magome yake yamepelekwa Ulaya miaka mingi kutengenezea dawa ya matatizo ya mkojo kwa wazee. Uchunguzi umeonyesha kwamba huleta nafuu kiasi kwa ule ukuaji wa kawaida wa tezi. Lakini hakuna ushahidi kwamba magome hayo huponya kansa. Hatari ni hapo: mtu anakunywa, mkojo unakwenda vizuri kidogo, anasema amepona, kumbe kansa ya upande wa nyuma inaendelea kimya. Anayetaka kutumia dawa ya miti apimwe kwanza, na amweleze daktari anachokunywa.

TUFANYE NINI HAPA KWETU?

Akina mama wamezoea kliniki tangu ujauzito wa kwanza. Wamezoea kupimwa wakiwa wazima. Mwanaume wa kwetu huingia hospitali akiwa amebebwa. Huu ndio mzizi wa tatizo, na dawa yake haipo kwenye chupa.

Wazee wa Kinyakyusa wana neno ukwangala, yaani kukaa pamoja na wenzako wa rika na kuzungumza kwa raha. Zamani watu wa rika moja hata kijiji walijenga pamoja. Tunashauri mazungumzo ya tezi dume yaingie humo. Mwanaume anayeona haya kumwambia mwanawe ataweza kumwambia rafiki yake wa utotoni. Hata katika jumuiya, baada ya kikao, akina baba watano wanaweza kupanga siku moja wakaenda pamoja. Aibu ya watu watano ni nyepesi kuliko ya mtu mmoja.

Pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mganga atasikiliza na kuelekeza. Kutoka Lufingo watu huenda hospitali za Tukuyu, yaani Makandana, au Hospitali ya Igogwe, na wanaohitaji daktari bingwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Kabla ya kupanda gari ulizeni kwanza kama kipimo cha PSA kinafanyika siku hiyo, bei yake ni kiasi gani, na kama bima yenu inakilipia. Hilo litawaokoa na nauli ya bure. Chagueni msimu wa kwenda, kwa mfano baada ya malipo ya chai au mauzo ya viazi, na muweke fedha ya kipimo pembeni. Nauli na kipimo ni fedha, ndiyo, lakini si sawa na kuuza ng'ombe na kipande cha shamba kwa ajili ya ugonjwa uliokwisha komaa.

Yapo mambo mawili yasiyosubiri hata kesho. La kwanza ni mkojo kuziba kabisa huku tumbo la chini linajaa na kuuma. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo awekewe mpira. La pili ni mtu mwenye maumivu ya mgongo ambaye miguu imeanza kufa ganzi au kukosa nguvu. Huenda kansa inabana uti wa mgongo. Akicheleweshwa siku chache anaweza asitembee tena.

Turudi kwa wazee wetu wawili. Hatukusema ni nani mwenye kansa, na hatutasema, kwa sababu wapo wengi wa namna yao na majibu yao hayafanani. Tunachowaomba ni kwamba yule anayeamka usiku aache kusema ni uzee, na yule anayelala vizuri aache kucheka. Washike njia ya Tukuyu pamoja. Mmoja huenda akarudi na vidonge vya kumpa usingizi wa usiku mzima. Mwingine huenda akarudi na karatasi inayosema yu salama, arudi baada ya mwaka mmoja au miwili. Na kama mmoja wao atarudi na habari nzito, atakuwa ameipata wakati bado kuna la kufanya, na jirani yake yupo pembeni.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kansa ya tezi dume ikiwa changa haina dalili. Usisubiri kuumwa.

2. Kuamka usiku kukojoa si lazima iwe kansa, lakini ni sababu ya kwenda hospitali.

3. Ukifika miaka 45 zungumza na daktari juu ya kupimwa. Kama ndugu kadhaa wa damu waliugua wakiwa vijana, anza na miaka 40.

4. Kipimo cha damu kinaweza kuanza bila kidole.

5. Kipimo kikiwa juu si hukumu. Fuata maelekezo mpaka mwisho.

6. Rudia kila mwaka mmoja au miwili kama utakavyoelekezwa, na utunze majibu yako yote.

7. Waambie wanao wa kiume kama wewe au baba yako mliugua. Ni urithi wa kuwalinda.

8. Mkojo ukiziba, au miguu ikikosa nguvu, nenda hospitali leo.

Akina baba, tunawatakia afya njema. Na akina mama, gazeti hili mkilimaliza, liacheni wazi mezani kwenye ukurasa huu.